Uzi wa Pindoni

Cheka kwanza, umalize, halafu nianze. Mtu akisikia neno jini hukaa mkao wa kucheka, miguu kaikunja, mdomo kaupeleka upande, kama wewe hivyo na hilo shati la mjomba wako linalokupwaya. Umesoma, najua. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na hilo la saba nilikalia dawati lililovunjika mguu. Lakini hebu nikuulize, msomi: yavuyavu unalijua? Lile dude la baharini linaloelea kama mfuko wa plastiki uliojaa maji, halina jicho wala mfupa, likitupwa ufukweni watoto wanalichokoa kwa kijiti. Unajua kwamba likifa bado linauma? Unajua kwamba uzi wake ukigandia kwenye nguo ukakauka, ukakaa kabatini wiki na wiki, siku ukimwagiwa maji ya bomba unaamka na kuchoma kama vile haukuwahi kufa? Hukujua. Basi kama ya mnyama anayeshikika huyajui, ya jini unayakatalia kwa elimu ipi? Tulia. Na uache kujikunakuna shingo ninaposema, unanivuruga.

Yalitokea kwa Dobi. Dobi ni mtoto wa kaka yangu, na mimi nilikuwa nikimpigia pasi. Chumba cha mbele ndicho duka: kaunta ya mbao, rafu tatu za nguo zilizokunjwa, na meza yangu ya pasi karibu na dirisha. Chumba cha kati walilala yeye na mkewe. Nyuma kuna ua wa saruji, makaro mawili na kamba nne. Mimi nalala kwangu, mtaa wa pili, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mkewe alikuwa mwembamba kama ufito, lakini mdomo wake ungeweza kujaza nyumba. Kutwa tulikuwa tunarushiana maneno. Ataniuliza hii suruali nimeipiga pasi au nimeikalia, nami nitamjibu kuwa nimeikalia, ndiyo maana imenyooka, angeikalia yeye ingetoboka. Hatukuwa watu wa kuambiana mapenzi. Ila akichelewa kurudi sokoni nilikuwa nachungulia dirishani, na yeye chai yangu hakuwahi kuisahau.

Sasa nikueleze habari ya alama, usije ukanikatiza katikati. Dobi anafua nguo za watu chungu nzima kwenye karo moja, na mashati meupe yote yanafanana. Kwa hiyo kila mteja ana alama yake, inashonwa kwa uzi ndani ya kola au kwenye pindo. Mwalimu alikuwa na mistari miwili na nukta. Fundi saa, msalaba. Mkunga, duara. Dobi anaweza kuisahau sura yako na jina lako, alama yako haisahau, maana kwake alama ndiyo mwenye nguo. Na kuna jambo moja ambalo dobi mwenye adabu halifanyi: hafumui alama aliyoikuta. Nguo ikija na alama ya mahali pengine, unaiacha ilivyo na unashona yako pembeni. Ukiifumua umesema nguo hii haina mwenyewe.

Kila Jumatatu yalikuwa yanaletwa mashuka ya nyumba ya wageni iliyo ufukweni. Jumatatu moja ikaja shuka moja ya ziada. Nyeupe yenye kijani cha mbali, laini mpaka vidole vinateleza. Pindoni ilikuwa na alama nisiyowahi kuiona: kitu kilichopinda kama mwavuli, na chini yake mistari mitatu mirefu ikining'inia. Uzi wake haukuwa na rangi. Uliuona ukiipindisha shuka kwenye mwanga, ukiinyoosha unapotea. Nyumba ya wageni wakaulizwa, wakasema si yao.

Shuka ile haikukauka. Hicho tu ndicho tulichokiona mwanzoni, nacho ni kitu kidogo. Jua lilikuwa la kupasua utosi, mashuka mengine kufika saa tano yamekakamaa kama mbao, yenyewe inadondosha tone, tone, tone, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Chini yake kukafanya kidimbwi chenye kingo za chumvi. Sisimizi walikuwa wanakizunguka kwa mbali. Na ua mzima ukaanza kunuka ufuko maji yakiwa yamekupwa, matope na mwani uliolala juani, wakati kutoka pale hadi baharini ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mke wa Dobi akasema inalia, imemkumbuka mwenyewe. Nikamwambia nguo haitaniwi. Akaniuliza tangu lini mimi nikawa naogopa mashuka.

Siku ya nne, saa sita mchana, Dobi akaishusha kambani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akachukua wembe akaifumua ile alama. Nilimwona kupitia mlango wa nyuma. Nilimwona na nikanyamaza, kwa sababu shuka ilikuwa nzuri na mimi pia niliipenda. Akashona ya kwake pale pale, alama ya nyumbani kwake. Hajakata uzi wa mwisho, shuka ikakauka. Yote, kwa mara moja, ikapepea mikononi mwake kama ganda la kitunguu. Akamtupia mkewe begani na kumwambia hiyo ni yake.

Na uzi ule wa zamani hakuutupa. Dobi hatupi uzi, anauzungushia kwenye kipande cha kadi. Alisema ni uzi mzuri, haukatiki. Jioni ile ile akamshonea mkewe kifungo cha gauni, kile cha nyuma ya shingo. Kitu kingine alichokishonea nitakwambia wakati wake.

Siku chache baadaye mke akaitia shuka karoni, akafungulia bomba, akazamisha mikono. Sikusikia kelele. Nilisikia pumzi tu, ile ya mtu aliyekanyaga kaa la moto na hataki kumwamsha mtoto. Nilipotoka nilimkuta ameinua mkono wa kulia, na kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono michirizi myekundu inajichora, mingine imejipanga vidonge vidonge kama shanga, inavimba huku naitazama. Tukafanya yote yasiyotakiwa. Mimi nikammwagia maji ya bomba, Dobi akamsugua kwa taulo na sabuni, na kadiri tulivyohangaika ndivyo alivyozidi kujikunja, mpaka pumzi ikaanza kumkatika.

Tukambeba kwa Mama Siki. Huyu alikuwa mhudumu wa zahanati hadi alipostaafu, na walioumwa na vitu vya baharini wanaanzia kwake: yavuyavu, mwiba wa mkia wa samaki aitwaye taa, samaki jiwe anayejifanya mwamba mpaka umkanyage. Watu wanamcheka kwa harufu yake, mpaka siku waumwe. Alimmiminia siki taratibu, bila haraka wala kugusa, akatoa nyuzi moja moja kwa kibano, halafu akauloweka mkono kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika. Huku akitutukana. Alisema maji ya bomba ndiyo tuliyomwamshia mnyama, na taulo ndilo tulilomkamulia sumu, na pumzi ikimpungua tena tusimletee yeye, tukimbie hospitali. Kisha akauliza ni ufuko gani.

Tukasema hakuna ufuko. Hajaiona bahari tangu mwaka jana.

Mama Siki akamsogeza dirishani, akautazama mkono muda mrefu. Michirizi ilikuwa imetulia, na ilikuwa imetulia kwa mpango: kitu kilichopinda kama mwavuli, na mistari mitatu ikining'inia chini yake. Akamuuliza Dobi nguo ile ilitoka wapi. Mtoto wa kaka yangu akasema ni nguo tu ya mteja. Nikanyamaza mara ya pili.

Kesho yake mkono ulikuwa umepona. Alama ilikuwa imehamia nyuma ya shingo, pale pale kola inapoishia, nyekundu, imenyanyuka kama ya kushonwa. Mwavuli, na mistari mitatu. Hospitali walimpa sindano na vidonge, wakasema mwili unapambana na sumu, arudi baada ya wiki. Lakini kila alipooga ile mistari ilirefuka. Akipangusa uso, inarefuka. Akinywa maji, inarefuka. Siku ya tatu miwili ilikuwa imepita begani na wa tatu umeingia chini ya kwapa kuelekea mbavuni, na yeye akawa hanywi tena maji, anayatema, anasema yana utamu unaomchefua. Nilimkuta jikoni anakoroga chumvi kwenye kikombe, vijiko vitano, sita, akanywa kama unavyokunywa uji.

Utani ukamwisha. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Siku ya nne, saa sita, nilikuwa dukani peke yangu na pasi mkononi. Unajua mtaa unavyokuwa saa sita za jua kali, mbwa kalala, redio imezimwa, hata gari halipiti. Pasi ikapoa mkononi mwangu, ghafla, na taa yake ndogo bado inawaka. Harufu ya ufuko ikaingia kabla ya kitu chochote kingine. Kisha nikasikia kitu kinaburutwa kizingitini, kizito na chepesi kwa pamoja, kama shuka iliyolowa inapovutwa kwenye saruji, kikaja hadi kaunta na kusimama, na mbele ya kaunta hapakuwa na mtu ila hewa ilikuwa imejaa, imevimba, ukiutazama mlango wa nyuma yake unauona umepinda kama unavyopinda ukiutazama kupitia chupa ya maji. Halafu nyuzi zikapanda juu ya mbao. Nyembamba, hazina rangi, ndefu kuliko duka lenyewe, zikapita kaunta, zikapanda rafu ya kwanza, zikaanza kupekua nguo zilizokunjwa, kola moja baada ya nyingine, zinafunua, zinapapasa ndani mahali pa alama, zinaacha, zinakwenda kwenye inayofuata, kwa subira na kwa utaratibu, hivyo hasa ninavyotafuta mimi mteja anapokuja na nguo yake siioni, na mimi nimesimama pale na pasi baridi nasubiri zifike kwenye kola yangu, na zilipofika zikapapasa, zikaiacha, na nilisikia kutoka kwenye ile hewa sauti ndogo, ya adabu, sauti ya mteja aliyechoka kusubiri.

"Ya kwangu iko wapi?"

Ikangoja kidogo. Ikaondoka kama ilivyokuja. Nikaweka pasi, nikaenda kufunua kola. Msalaba wa fundi saa haupo. Duara la mkunga halipo. Rafu tatu, kila nguo ina mwavuli na mistari mitatu.

Nikaingia chumba cha kati. Mke wa Dobi amekaa kitandani na lile gauni lake, nywele zimelowa na hajaoga.

"Shangazi, nataka kwenda kwetu."

Nikamuuliza kwao wapi, maana kwao nakujua, ni kwa mama yake muuza mkaa.

"Chini," akasema.

Nilimfungia mlango kwa ufunguo nikaenda mwenyewe kumwita Mama Siki. Njiani nilimwambia yote, na yale niliyonyamazia. Alifika, akampapasa mgonjwa mbavu, akaona mstari wa tatu umebakiza upana wa vidole viwili kuufikia moyo. Kisha akamgeukia Dobi na kumwambia aseme alichofanya, kwa mdomo wake. Dobi akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto aliyekojoa kitandani.

Mama Siki akatueleza ambalo watu wa ufukweni walikuwa wanalinong'ona. Mgeni mmoja wa ile nyumba alikuwa akiogelea, akaumwa, akatolewa majini anatapatapa. Mwanamke asiyejulikana na mtu akaivua shuka yake akamfunga nayo. Wote wakamsifu kwa huruma. Mgeni akafa ndani ya shuka ile, ikachanganyika na mashuka ya nyumba ya wageni, na mwanamke hakuonekana alikotokea wala alikoelekea. Haikuwa huruma. Alikuwa anafunga kilicho chake.

"Nusu ya hii ni mnyama, na mnyama nimemtibu miaka thelathini," Mama Siki alisema. "Nusu nyingine ni mteja. Mteja hafukuzwi. Anapewa nguo yake, na alama yake, kwa uzi wake. Uzi uko wapi?"

Dobi akanyoosha kidole kwenye shingo ya mkewe. Kwenye kifungo.

Hivyo kesho yake kabla ya saa sita tulikuwa wote dukani. Mgonjwa tulimlaza juu ya meza yangu ya pasi, midomo imemkauka, macho yanaangalia dari kama linatembea. Shuka juu ya kaunta. Bakuli la siki. Dobi akafumua kifungo, akafungua kadi yake, akaunganisha vipande, akatia sindano. Alikuwa akichovya vidole kwenye siki kila baada ya mshono mmoja na bado vilivimba, vikawa kama ndizi, na hakuacha kushona. Akashona mwavuli. Akashona mstari wa kwanza. Pasi ikapoa. Harufu ikaingia, na kile kitu kikaburutwa kizingitini kikaja kusimama mbele yake, nyuzi zikapanda kaunta na kulala pale kando ya mikono yake, zinangoja, na yeye akashona mstari wa pili huku jasho linamdondoka puani na Mama Siki anamnong'oneza asiliache jasho liguse kitambaa, akaanza mstari wa tatu, akafika katikati, na uzi ukaisha.

Akanitazama. Nikamwelewa bila neno, kwa sababu siku ile ya kifungo cha mkewe mimi ndiye niliyempa nguo nyingine yenye kifungo kilichokatika, na yeye akachukua uzi uliokuwa bado kwenye sindano. Nguo yenyewe ilikwisha kwenda kwa mwenyewe.

Mtoto wa kaka yangu akachukua uzi mweupe wa kawaida, akaulowesha siki, akamaliza nao mstari. Akaisukuma shuka mbele. Nyuzi zikapapasa mwavuli. Zikapapasa mstari wa kwanza, wa pili, taratibu. Kwenye wa tatu zikafika katikati zikasimama, zikarudi nyuma, zikapita tena, zikasimama pale pale, na mke wa Dobi juu ya meza akaacha kupumua, kifua kimepanda na hakishuki, na mimi nimemshika mkono uliokuwa wa baridi kama samaki, namwambia moyoni nitakukunia hata mgongo, nitakunywa chai yako bila sukari, shusha tu hicho kifua.

"Hii haijatimia," ile sauti ya adabu ikasema. "Iliyobaki nitaitafuta."

Shuka ikateleza kutoka kaunta. Ikaburutwa hadi mlangoni, na kule nje ule mchirizi wa maji ukakaa juani siku mbili bila kukauka.

Kifua kikashuka. Akaomba maji, tukampa ya bomba, akanywa kikombe kizima, akanitazama usoni.

"Shangazi, unalia wewe?"

"Siki," nikamwambia.

Yuko hai mpaka leo, na mdomo wake ule ule. Alama imefutika, umebaki nusu ya mstari mmoja mbavuni, hauongezeki. Dobi vidole vyake havishiki tena sindano, kwa hiyo anayeshona alama ni mke, na nguo ikija na alama yake haiguswi hata iwe ya nani.

Ila deni la uzi lipo pale pale, na mimi ndiye niliyetoa ile nguo ya pili. Lilikuwa shati jeupe. Kifungo cha juu, cha kwenye kola. La fundi saa. Nilimfuata, nikaambiwa amehama mji, na kuwa mashati yanayombana anayagawa kwa wapwa zake. Basi nimekuwa mtu wa kutazama kola za watu. Ndiyo maana leo nimekuja kukaa hapa kwako, na wewe ukadhani nimekuja kupiga soga.

Jana umelifua hilo shati la mjomba wako, sivyo? Kwa maji ya bomba. Na tangu asubuhi unajikuna.

Usijikune. Usilitie maji tena. Chukua wembe, kata kifungo hicho taratibu, uzi wake uuweke mezani mahali panapoonekana, na siki nimekuachia hiyo chupa kwenye kiti. Usikimbie, anakuja kuchukua chake, si chako. Akikuuliza, mwonyeshe kwa kidole. Nilinyamaza mara mbili kwa Dobi, sikutaka iwe tatu, lakini kukaa na wewe sikai. Nimeshasimama mbele yake mara mbili.

Mbona hucheki tena? Saa sita hiyo imeingia, na sakafu yako imeanza kunuka mwani.

Viatu vyangu viko wapi. Haya. Nimetoka, na huo unaousikia ni mlango wako, naufunga mimi.